Linux na draiva zilizofungwa: kagua chipu kabla hujatoa hela

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu.

Kwa wiki chache hizi nimepokea laptopu nne zenye kilio kimoja. Mwenye mashine amesikia kwamba Windows 10 imeachwa tangu 14 Oktoba 2025. Windows 11 inamkatalia, kwa sababu prosesa yake ni ya kizazi cha nne au cha sita na Microsoft wanataka Intel kuanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Akaamua kuhamia Linux. Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, ikaingia vizuri, mashine ikawa nyepesi kama siku ilipotoka kwenye boksi, kisha akatafuta Wi-Fi, haipo. Mwingine ilikuwepo, ameapdeti jioni, asubuhi imepotea. Wote wanakuja na neno moja: "Linux haifai."

Nina zaidi ya miaka kumi kwenye meza ya ufundi hapa Dar na neno hilo linaniuma kila ninapolisikia, maana lawama inabebeshwa asiyehusika. Ngoja nieleze ninavyolielewa jambo hili, mwenye nyongeza au masahihisho aweke.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo hata mafundi wanavichanganya. Draiva ni programu inayokaa kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta yako, na kuzungumza na kifaa. Femuwea ni programu nyingine, inayoendeshwa na kifaa chenyewe ndani ya chipu yake. Chukua kadi ya Wi-Fi ya Intel. Draiva yake, iwlwifi, ni huria, yaani yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha, na imo ndani ya keneli kabisa. Ila kadi ikiwaka inataka ilishwe faili kama iwlwifi-8265-36.ucode, na msimbo chanzo wa faili hilo, yaani maandishi ya programu kama alivyoyaandika mtengenezaji, Intel hawajautoa. Wanachoruhusu ni kuligawa bure. Kwa hiyo ukiandika `dmesg`, amri ya kusoma kumbukumbu za keneli, ukakuta mstari unaosema "Direct firmware load" halafu "failed", usihangaike kutafuta draiva. Draiva unayo. Umekosa faili, na kwenye Debian, Linux nyingine maarufu, linapatikana kwenye kifurushi cha firmware-iwlwifi. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Shida yenyewe inaanza pale draiva nzima inapokuwa imefungwa, yaani msimbo chanzo wake haujatolewa. Mfano ninaokutana nao sana ni ile wl ya Broadcom. Septemba 2010 Broadcom walitoa draiva huria kwa baadhi ya chipu zao na watu wakafurahi sana, lakini nyingi zilizofuata zikabaki kwenye wl: BCM43142 iliyojaa kwenye laptopu za bei nafuu, na BCM4360 iliyomo kwenye MacBook nyingi za kuanzia 2013. Toleo la mwisho la wl lilitoka 2015. Tangu hapo kampuni imenyamaza. Kinachoiweka hai hadi leo ni watu wa kujitolea wa Debian, Ubuntu, Arch na wengineo. Kiini chake hawawezi kukigusa kwa sababu kimekuja kama binari tu, lugha ya mashine isiyosomeka, basi wanarekebisha ile ngozi ya nje inayokiunganisha na keneli, toleo baada ya toleo.

Kwa nini irekebishwe kila mara? Hapa ndipo wengi hawajawahi kuelezwa. Keneli ya Linux haijawahi kuahidi kwamba sehemu zake za ndani zitabaki vilevile. Wanaoiandika wakiona kitu kinaweza kufanywa vizuri zaidi, wanakibadilisha, na aliyebadilisha anapita mwenyewe kwenye draiva zote zilizomo ndani ya keneli na kuzirekebisha. Ni kama nyumba ya wapangaji wengi ambapo anayebadilisha kitasa cha geti ana wajibu wa kumchongea ufunguo mpya kila anayeishi humo. Draiva huria inaishi humo ndani, ufunguo wake unaletwa mlangoni. Draiva iliyofungwa inaishi mtaa wa pili, haijulikani ina umbo gani, na hakuna awezaye kuichongea ufunguo kamili isipokuwa kampuni iliyoiunda; wa kujitolea wanaishia kwenye ile ngozi ya nje. Kampuni ikichoka na wa kujitolea wakishindwa, kadi yako imeisha, hata kama haina mkwaruzo.

Hata keneli yenyewe inaandika kumbukumbu ya jambo hili. Ukipakia moduli (kipande kinachoongezwa kwenye keneli, kama draiva) isiyo huria inajiwekea alama ya kuwa imechafuka. Andika `cat /proc/sys/kernel/tainted`. Ikikujibu 0, ni safi. Mwenye draiva iliyofungwa kutoka nje ya keneli mara nyingi ataona 4097 au zaidi. Ukipeleka ripoti ya hitilafu ukiwa na alama hiyo, waandishi wa keneli wana haki ya kukwambia uiondoe kwanza hiyo moduli ndipo waangalie, kwa sababu kuna programu inayotembea ndani ya nyumba yao na hawaruhusiwi kuiona.

Niwape kisa kimoja. Mwalimu wa sekondari nilimwekea Linux kwenye laptopu yake mwenyewe, Wi-Fi yake ni ya draiva ya aina hii. Ilimtumikia miezi saba. Usiku mmoja akaapdeti, keneli mpya ikaingia, moduli ya Wi-Fi ikashindwa kujengwa upya. Kesho yake alitakiwa kutuma alama za wanafunzi kabla ya saa sita mchana. Alinipigia saa moja asubuhi, sauti inatetemeka. Nikamwelekeza kwa simu: washa upya, bonyeza Esc mapema, nenda kwenye Advanced options, chagua keneli ya nyuma yake. Wi-Fi ikarudi, alama zikaenda. Jumamosi akaja, nikamtolea ile kadi nikamwekea ya Intel niliyoitoa kwenye laptopu nyingine iliyokufa kwa kumwagikiwa maji. Hajanipigia tena kwa jambo hilo. Lakini ile asubuhi aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa nini kitu changu kinaniomba ruhusa ya mtu mwingine?"

Swali hilo ndilo lililoanzisha programu huria zenyewe, wakuu. Karibu mwaka 1980 maabara ya akili bandia ya MIT ilipewa printa ya leza ya Xerox. Richard Stallman alikuwa ameirekebisha programu ya printa yao ya zamani ili karatasi zikikwama, waliotuma kazi wapate ujumbe kwenye skrini zao na mmoja akaitengeneze. Akataka kuifanyia vilevile mpya, msimbo chanzo hakupewa. Akasikia upo kwa mtu mmoja chuo cha Carnegie Mellon, akaenda kuuomba, yule bwana akakataa kwa sababu alishatia saini ya kutoutoa. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman akatangaza GNU, mradi wa kuunda mfumo mzima wa kompyuta ulio huria. Kwa hiyo tunapozungumzia draiva hatuzungumzii jambo la pembeni. Hapa ndipo safari ilipoanzia.

NVIDIA, watengenezaji wa kadi za picha, nitaigusa tu, najua maswali yatakuja. Mwaka 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto kule Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliisema kampuni hiyo hadharani kuwa ndiyo mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Miaka 10 baadaye, Mei 2022, NVIDIA wakatoa moduli za keneli zilizo wazi, kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing cha 2018. Ni hatua kubwa na nawapongeza kwa dhati. Lakini ile sehemu inayochora picha yenyewe, iliyo nje ya keneli, kwao bado imefungwa, na mengi waliyoyatoa kwenye draiva wameyahamishia kwenye femuwea ya kadi. AMD wao mwaka 2007 walianza kutoa nyaraka za chipu zao, na leo draiva yao huria, amdgpu, imo ndani ya keneli. Mteja akiniuliza kadi ya picha ya kutumia na Linux, jibu langu ni AMD au Intel.

Sasa ushauri wa mfukoni. Ukienda Kariakoo kununua laptopu iliyotumika, nenda na flashi yenye Linux. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kuiwasha kwa flashi dakika kumi. Ikiwaka, fungua terminali uandike `lspci -nnk`. Tafuta mstari wa Network controller, chini yake usome "Kernel driver in use". Ukiona iwlwifi, ath9k au ath10k, umepona. Ukiona Broadcom na chini yake hakuna draiva, ama punguza bei ama hesabu gharama ya kubadilisha kadi. Na kabla ya kuahidi kubadilisha kadi, jua kwamba ThinkPad nyingi za zamani, kama X220 na T430, zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, na hukataa kuwaka zikikutana na kadi isiyo ya orodha hiyo.

Karibuni.

#2 Mchangiaji wa Mwanza

Uzi mzuri mkuu. Nyongeza: mtu aliyekosa Wi-Fi baada ya kuweka Linux asikimbilie kununua kitu. Achukue simu ya Android, aichomeke kwa waya wa USB, awashe kushea intaneti kwa USB. Linux inaiona simu kama kadi ya mtandao, bila draiva ya ziada. Kwa njia hiyo anashusha anachokosa. Nimewaokoa watu wengi hivyo.

Na wale wenye modemu za zamani za Huawei, E173 na E303, zile za makampuni ya simu: ukiichomeka inajitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows. Kuna kifurushi kinaitwa usb-modeswitch, kazi yake ni kuiambia iache kujifanya CD iwe modemu. Ubuntu huja nacho.

#3 Mleta uzi

Asante sana kwa hiyo ya simu, ilipaswa kuwa kwenye uzi wa juu kabisa. Na hiyo modemu ni mfano mzuri wa jambo hili hili: kampuni iliwaza Windows tu, wa kujitolea wakakaa kuchunguza ni ujumbe gani unaigeuza kila modemu, moja baada ya nyingine. Hawakupewa karatasi yoyote.

#4 Mchangiaji wa Arusha

Mleta uzi, mbona hugusi usaliti wa Debian? Mradi ulioandika Mkataba wa Kijamii, ahadi yake ya kubaki huria, mwaka 1997 leo unaweka femuwea zilizofungwa kwenye kisakinishi chake rasmi. Tukiruhusu leo femuwea, kesho draiva, keshokutwa tunabaki na jina tu. Mimi natumia Trisquel, Linux yenye vitu huria tupu, na sijutii.

#5 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako naiheshimu na sitaki kuipita juujuu.

Mwaka 2011, Debian 6 ilipotoka, waliondoa femuwea zote zisizo huria kwenye keneli yao. Kwa kanuni ilikuwa sawa. Ila mtu wa kawaida alikuwa anashusha Debian kwa bando lake la mwezi, anafika katikati ya usakinishaji, anaambiwa kadi yake ya Wi-Fi inataka faili ambalo halimo. Faili lilikuwepo kwenye kisakinishi kingine, kisicho rasmi, ambacho ukurasa mkuu haukukionyesha. Nimeona vijana wenye nia njema kabisa wakirudi Windows hapo hapo. Mwaka 2022 wanachama wakapiga kura wakakubali femuwea ziwekwe, na Debian 12 ya 10 Juni 2023 ikatoka nazo, lakini kwenye fungu lake lenye jina lake, non-free-firmware. Hazikuchanganywa na vilivyo huria. Unaona ulichowekewa, na ukitaka unaweza kuzizima kabla ya kuanza.

Mimi ningepiga kura ya ndiyo. Mtu aliyekwisha kununua kadi femuwea inamsaidia, kumnyima hakumwadhibu mtengenezaji.

Lakini ninyi wa Trisquel mna kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya. Keneli ya Linux-libre inayoondoa hivi vipande vyote inatuonyesha kwa uwazi ni kipi huria na ni kipi kimekopwa. Bila ninyi nani angekumbuka kwamba kadi za Atheros za ath9k zinafanya kazi bila kulishwa femuwea yoyote? Au kwamba chipu ya USB ya AR9271 hata femuwea yake ilitolewa huria? Ninazo mbili dukani na siziuzi, natumia kusakinishia.

#6 Mchangiaji wa Arusha

Nimekuelewa. Bado nasema hatari ni kuzoea. Mtu akishapata Wi-Fi hataki tena kujua.

#7 Mleta uzi

Ni kweli. Ndiyo maana mteja akija namwandikia kwenye karatasi ya risiti: kadi yako ni hii, draiva yake ni hii, huria au imefungwa. Wachache wanarudi kuuliza maana yake, na hao ndio wanaofundisha wengine.

#8 Mchangiaji wa Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Tuna cyber ndogo, tumehamisha mashine tano kwenda Ubuntu. Wi-Fi iko sawa. Shida ni printa, HP LaserJet P1102. Inaonekana kwenye orodha, tukituma kazi hakuna kinachotoka. Tumejaribu kuondoa na kuweka tena mara tatu. Tununue gani ikibidi?

#9 Mleta uzi

Karibu sana jirani. HPLIP, programu ya HP ya kuendesha printa zao kwenye Linux, kwa sehemu kubwa ni huria, ila baadhi ya LaserJet ndogo, P1102 ikiwemo, zinataka kipande cha ziada kilichofungwa, nacho hakimo kwenye Ubuntu kwa sababu ya leseni. Fungua terminali uandike `hp-plugin`, fuata maswali, ukubali leseni, kisha washa printa upya. Kumbuka toleo la kipande hicho lazima lilingane na la HPLIP, kwa hiyo Ubuntu ikipanda toleo na printa ikanyamaza, rudia amri hiyo hiyo.

Mkifika kununua, ulizeni kama inaelewa IPP au AirPrint, lugha za kuchapa zinazotumiwa na printa za kampuni nyingi. Printa za namna hiyo hazihitaji draiva ya kampuni kabisa, kompyuta inaiuliza printa yenyewe uwezo wake na kazi inatoka. Epson za matangi ya wino mnazoziona kwenye kila steshenari nazo zina draiva iliyo wazi, kifurushi chake ni printer-driver-escpr. Za kuogopa ni printa ndogo za leza zenye lugha ya siri, kama Canon za CAPT, LBP2900 na wenzake. Ni imara sana kimwili, mashine ya miaka 15 bado inachapa, lakini kwenye Linux zitakulaza macho.

#10 Mchangiaji wa Dodoma

Mimi ni mtu wa kawaida tu. Niliweka draiva ya NVIDIA kwa `ubuntu-drivers`, ikakubali bila kosa lolote. Baada ya kuwasha upya, skrini ikaleta dirisha la bluu lenye Kiingereza kingi, nikabonyeza kuendelea. Sasa draiva haifanyi kazi. Kadi ni GeForce GT 730.

#11 Mleta uzi

Una mambo mawili hapo.

Dirisha la bluu ni la Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine. Mashine yako imewekwa isikubali moduli isiyotiwa saini kwa ufunguo inaoufahamu. Ubuntu ilipoweka draiva ikatengeneza ufunguo wake, ikakuomba neno la siri, na lile dirisha lilikuwa linakupa nafasi moja ya kuusajili. Ulipaswa kuchagua Enroll MOK (sajili ufunguo), ukaandika neno lile. Usijali, andika `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, weka neno la siri jipya, washa upya, safari hii uchague Enroll.

Ila usifanye hivyo kwanza. GT 730 imeuzwa kwa jina moja ikiwa na chipu za vizazi viwili tofauti. Andika `lspci | grep -i vga`. Ukiona GF108, hiyo ni Fermi, draiva yake ya mwisho ni ya mfululizo wa 390, na NVIDIA waliacha kuihudumia mwishoni mwa 2022. Ukiona GK208, ni Kepler, ya mwisho ni 470, nayo imeshaachwa. Niambie imeandika nini, na kompyuta unaifanyia kazi gani.

#12 Mchangiaji wa Dodoma

Imeandika GK208B. Naandika barua, natumia intaneti, watoto wanaangalia katuni. Sichezi gemu.

#13 Mleta uzi

Basi hiyo draiva iliyofungwa huihitaji. Iondoe: `sudo apt purge 'nvidia-*'`, kisha washa upya. Ubuntu itarudi kwenye Nouveau, draiva huria ambayo wa kujitolea waliiandika kwa kuzichunguza kadi hizi kutoka nje bila msaada wa kampuni. Haihitaji kusajili ufunguo wowote, na keneli mpya zikija inakuja nazo.

Una bahati na kizazi chako. Kadi za GTX 900 zilizofuata zilitoka na femuwea yenye saini ya NVIDIA, Nouveau ikashindwa kuzipandisha kasi, zikabaki zinatambaa kwa kasi ya kuwashia. Kepler haina kufuli hilo. Kwa barua na katuni inatosha kabisa.

Ukimaliza andika tena ile `cat /proc/sys/kernel/tainted` uniambie imekujibu nini.

#14 Mchangiaji wa Dodoma

Imewaka vizuri, katuni zinacheza. Imejibu 0.